Hatoki Mtu

Eulalia Barragán ameshona parachuti za kushushia vyombo vya angani hapa Santa Ana tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kiwandani kwetu kuna amri moja: sindano ikivunjika, mashine zote zinazimwa na hatoki mtu mpaka kila kipande kipatikane. Ncha ikibaki kwenye kitambaa itakichana kule juu, na chini ya kitambaa hicho kuna watu wanaotaka kufika nyumbani.

Amri hakuitunga yeye, ila aliishika kama dini. Kwa ajili ya amri hiyo mshonaji mwenzetu Thuy alikosa arusi ya mdogo wake, na mimi nikakosa mazishi ya shangazi. Mimi nimesamehe, shangazi mwenyewe tulikuwa hatuongei. Thuy hajasamehe.

Ijumaa ile mjukuu wa Eulalia, Ximena, alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwao msichana hufanyiwa sherehe kubwa kama arusi. Ukumbi tayari, mbuzi jikoni, na dansi ya kwanza binti angecheza na bibi yake, maana ndiye aliyemlea. Eulalia alikuja kazini na viatu vya sherehe miguuni, ili kengele ikilia aende moja kwa moja.

Kengele haijalia, tak! Sindano ya Eulalia. Ncha haikuonekana.

"Haya, Mama Lala," Thuy akasema. "Au leo amri iko likizo?"

"Funga mlango," Eulalia akajibu. "Halafu ushike sumaku. Mdomo hautafuti kitu."

Tukatambaa sakafuni, tukapapasa mshono baada ya mshono. Jua likazama. Hata Thuy akachoka kufurahi.

"Nenda, mama," akasema. "Tutaitafuta sisi."

"Na nikiondoka nayo?"

Tulicheka. Thuy, kwa utani tu, akapitisha sumaku chini ya miguu ya Eulalia. Ncha ilikuwa imejichoma kwenye soli ya kiatu cha sherehe.

Nikawapakia wote wawili garini. Njia nzima roho iliniuma, kwa sababu saa ya dansi ilikuwa imepita kitambo.

Ukumbini muziki ulikuwa umezimwa, mbuzi amepoa, wageni wamenuna. Ximena alisimama mlangoni na gauni lake pana, mikono kiunoni, mbele ya padri aliyeshika funguo za gari.

"Hatoki mtu, Padri," alikuwa akisema, "mpaka bibi yangu apatikane."

"Amepatikana," Thuy akasema, akamsukuma Eulalia ndani.