Hata Ukiufunga Mlango

Chwa, chwa, chwa. Kisha kimya.

Hiyo ndiyo sauti aliyokua nayo: kandambili za mama wa kambo zikikokotwa ukumbini alfajiri, zikija hadi mlangoni kwake na kusimama. Mtoto alikuwa na miaka tisa na kifua cha pumu. Mama yake mzazi alikuwa na mwaka wa pili kaburini, na majirani walikwisha kumjaza masikio: mama wa kambo si mama, mwanangu, kaa ukijua. Basi akakaa akijua. Alijua yule mwanamke anakuja kumpeleleza, kuona kama ameiba sukari au amekojoa kitandani. Akaanza kuegemeza kiti mlangoni kwa ndani. Kandambili zikaja vilevile, zikasimama vilevile, zikarudi zilikotoka.

Alipofika miaka kumi na mitatu kifua kilimbana mpaka midomo ikawa rangi ya majivu, akakimbizwa hospitali mgongoni mwa mama huyohuyo. Nesi akauliza mtoto kwa kawaida hupumua vipi. Yule mwanamke, ambaye hakujua a wala be, akajibu bila kusita kwamba akihesabu polepole hadi sitini, mtoto huwa amepumua mara ishirini, na tangu juzi anafika thelathini na tano. Nesi akataka kujua amejuaje.

"Husimama mlangoni nikahesabu," akasema. "Nikiingia ananuna."

Hapakuwa na la zaidi. Hakuna aliyelia wala aliyeomba radhi, na waliporudi nyumbani mama wa kambo akamgombeza kwa kikombe alichokiacha hakijaoshwa. Lakini kiti hakikuegemezwa tena.

Miaka thelathini imepita, na msichana yule yumo hospitalini humohumo, ila si daktari wala nesi. Yuko nyuma, kule kwenye chumba cha kufulia, ambako mashine zinanguruma tangu asubuhi na hewa ina harufu ya sabuni na pasi ya moto. Kazi yake ni kushona mashuka yaliyochanika. Wenzake walimbandika jina la Kiraka, na kwa kuwa ni mbishi, badala ya kulikasirikia akalivaa. Akaanza hata kulitia chini ya hadithi zake.

Hadithi zenyewe zinachezwa kwenye simu. Unaona picha ya chumba na watu waliomo, unasoma wanachosema, kisha unafika njia panda: simu inakuuliza utafanya nini, nawe unagusa jibu, na jibu hilo ndilo linalokupeleka mbele. Maneno ni ya Kiraka. Picha ni za mdogo wake wa kiume, mtoto wa yule mama wa kambo, ambaye mchana huandika mabango ya maduka na ambaye mtaa mzima unamwita Brashi. Yeye pia ndiye anayeunganisha kila kitu kwenye kompyuta.

Sasa, mtu akiwa na njia panda mia moja atazishikaje kichwani? Kiraka alizishika kwa uzi. Ukutani kwake alitundika shuka lililochakaa hata kiraka hakikai, akabana juu yake vikaratasi, kila kimoja tukio moja, na kutoka kila jibu hadi matokeo yake akapitisha uzi kwa sindano. Jibu la ukali, uzi mwekundu. Jibu la upole, uzi mweupe. Brashi husimama mbele ya shuka hilo, akafuata nyuzi kwa kidole, akaunganisha. Wamefanya hivyo miaka mingi bila kosa.

Kosa lilikuja katika hadithi ya msichana na mama wa kambo. Ilifika pale ambapo kandambili zinasimama nje ya mlango, na simu inakuuliza: utauacha wazi au utaufunga? Kiraka alikuwa akishona uzi mwekundu kutoka kwenye jibu la kufunga, ukamwishia katikati. Akaendeleza kwa mweupe, akijiambia atakumbuka kuubadilisha. Hakukumbuka. Brashi akauchanganya na uzi mweupe wa jibu la kuuacha wazi, akaufuata huo mpaka ulikokwenda, hadithi ikatoka, ikibaki sehemu ya mwisho tu, na ikawa kwamba ufunge mlango au uuache wazi, unafika mahali pamoja: mama wa kambo amesimama nje, kiganja juu ya ubao, midomo yake inahesabu pumzi za mtoto asiyemtaka.

Brashi alipogundua alitaka kulirekebisha siku hiyohiyo kabla watu hawajacheka. Lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kuanza kuingia, na hakuna aliyekuwa akicheka. Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba alimfungia yule mama mara nne kwa makusudi, aone kama atachoka, na hakuchoka. Akaegesha lori kando ya barabara akampigia simu mama yake wa kambo, ambaye hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa baba. Mwingine alisema ameandikiwa wakatili kibao maishani mwake, lakini huyu wa Kiraka ndiye wa kwanza ambaye alimjua hadi miguu inapomuuma. Wasomaji wakajipa jina, Wanaviraka, wakawa na kikundi chao cha kutaniana na kubishana juu ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Mmoja wao, fundi wa baiskeli, alisema Kiraka siku akimwandika mbu utajikuta umemkunjia mkono wa shati anywe.

Brashi alimsomea dada yake sifa zote hizo kwa sauti, akiongeza chumvi. Kiraka hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema yeye hana ujuzi wowote: shuka likichanika huulizi nani mbaya, unatafuta palipo pazima uanzie sindano.

Aliyekuwa hajui lolote ni mama mwenyewe. Amezeeka, kifua sasa ndicho kinachomsumbua yeye, na anaishi na Kiraka kwenye vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Siku moja Brashi alimwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama kwa muda mrefu, akauliza huyu mwanamke mkali ni nani. Mtu tu, Mama, Brashi akamjibu. Mama akasema mtu tu hawi na kandambili kama zangu, na hii pua mmemwazimia wapi maskini ya Mungu. Kisha akarudisha simu na kumuuliza Kiraka kama bado anashona maneno badala ya kupumzika.

Kampuni iliyokuwa ikiitoa hadithi ilikuwa na meneja, mtu wa viatu vinavyong'aa, mwenye adabu kama mgeni wa harusi. Alimwita Kiraka ofisini, akamwagizia chai, akamsifu hadi chai ikapoa. Halafu akafika alikokuwa akienda. Wasomaji wanahitaji mtu wa kumchukia, alisema, bila hivyo hadithi haina meno. Ule mlango urekebishwe: mchezaji akiufunga, mama wa kambo akasirike, na asubuhi atie sumu kwenye chai ya mtoto.

Kiraka akatazama kikombe chake, akakisogeza mbele kidogo.

"Mtu akifunga mlango lazima adhabu imfuate, dada," meneja akasema. "Ndivyo michezo ilivyo."

"Adhabu gani kubwa kuliko kusubiriwa?"

"Lakini wewe mwenyewe umekiri ni kosa. Uzi ulikuishia."

"Kosa ni langu," Kiraka akasema. "Kwa hiyo kulilinda ni kazi yangu."

Meneja akakunja mikono. Alieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba kuna mwandishi mwingine aliye tayari kulifanya hilo. Kinachotakiwa ni saini ya Kiraka tu. Asiposaini hadi Ijumaa, hadithi inashushwa yote, na ile sehemu ya mwisho iliyokwisha kuandikwa na kuchorwa haitaonekana na mtu. Mkataba ulisema hivyo, na Kiraka aliusoma mara mbili akaona kweli unasema hivyo.

Siku tatu zilizobaki zilikuwa ndefu. Brashi, aliyechora kila ukuta wa hadithi ile kwa mkono wake, alizunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga. Akamsihi dada yake asaini, kazi ya miaka miwili isiende na maji. Mama hata hajui, akasema. Mama hatajua kamwe.

"Mimi najua," Kiraka akamjibu.

Habari zikawafikia Wanaviraka, nao wakagawanyika. Wengine waliomba asaini, wapate walau mwisho, hata ukiwa umechafuliwa. Wengine walitukana kampuni mpaka wakaishiwa matusi. Katikati ya kelele hizo mwanamke mmoja, ambaye hakuwahi kusema neno kikundini, aliandika kwamba ameolewa kwenye nyumba yenye watoto watatu wasio wake, na mkubwa wao hufunga mlango kwa komeo kila jioni. "Usisaini, dada," aliandika. "Ukisaini, atasoma kwamba alikuwa na haki. Mwisho sina haja nao, nitauishi mwenyewe."

Kiraka alimwomba Brashi amrudishie maneno hayo mara ya pili. Kisha akachukua sindano, akaenda kwenye lile shuka la ukutani, akaupitia ule uzi mweupe upya juu ya mshono wa kwanza, mara mbili, ukawa mnene usioweza kukatika.

Ijumaa mchana meneja alikuja mwenyewe, karatasi mkononi, kalamu imefunguliwa. Kiraka alikuwa ametoka zamu. Akamkaribisha kiti cha sebuleni, yeye akakaa upande ulioelekea mlango wa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kizingitini zilikuwa kandambili mbili zimepangwa sambamba, na kutoka ndani ilisikika pumzi ya mtu mzima aliyelala, nzito, yenye mluzi kidogo mwishoni.

Meneja alisema mengi. Alisema juu ya wasomaji watakaoachwa njiani, juu ya jina litakalosahaulika, juu ya mdogo wake na picha zake. Kiraka alikuwa ameinamia karatasi na midomo yake ilikuwa ikicheza polepole. Meneja akadhani anausoma mkataba, akapata moyo. Alipofika sitini Kiraka aliinua kichwa. Ishirini na mbili. Si mbaya kwa leo.

Akaweka kalamu juu ya karatasi na kuzisukuma zote mbili zivuke meza mpaka zikamfikia meneja. Mahali pa saini palikuwa peupe.

Adabu ikamshinda meneja. Akasimama, kiti kikakwaruza sakafu, sauti ikapanda hadi ngazini. Anaua hadithi yake mwenyewe, na kwa nini? Kwa ajili ya nani? Dunia nzima inajua, wazee waliomtangulia walijua, hata mtoto mdogo anajua kwamba mama wa kambo si mama.

Pumzi chumbani ikakatika, ikasita, ikaanza tena.

Kiraka akanyanyuka, akaenda kusimama kwenye mlango ule ulio wazi nusu, kiganja juu ya ubao.

"Punguza sauti, bwana," alisema, chini kabisa. "Mama amelala."