Wapangaji wa Mke Wangu

Laiti ningemkatalia yule muuzaji wa duka la dawa pale Mbagala aliponiambia, "Mzee wangu, mpe mama rangi mbili, kuharisha kutakoma leo leo." Rangi mbili ni dawa ya kuua bakteria. Nilikubali, kwa sababu kesho yake mimi na mke wangu tulikuwa tunakwenda Goba kuiona nyumba aliyojenga binti yetu.

Kwa miaka mitatu ugonjwa wa kuvimba utumbo ulikuwa umemfungia ndani. Maumivu aliyazoea, hofu ndiyo ilimshinda. Yeye aliyekuwa akibishania bei ya dagaa Buguruni mpaka muuzaji acheke, akawa anaogopa hata kusimama getini, asije akabanwa na haja choo kikiwa mbali.

Ndipo hospitali ikamwingiza kwenye utafiti. Kila asubuhi alimeza kidonge chenye bakteria hai, wale wanaokaa kwenye tumbo la mtu mwenye afya. Daktari alituonya sote wawili: dawa nyingine yoyote, tuulize kwanza.

Bakteria hao mke wangu aliwaita wapangaji. Nikipaza sauti, ananiambia, "Taratibu, baba, utawaamsha wapangaji wangu."

"Kodi wanalipa?"

"Hujaona? Jana nimefika sokoni na kurudi."

Niliona. Alianza tena kuimba akikuna nazi, nami nilizima redio nimsikilize. Sikumwambia kwa nini naizima.

Siku ya kuamkia safari tumbo lilimsumbua kidogo. Sikumpigia daktari. Nilinunua rangi mbili, nikamdanganya kwamba hospitali imeruhusu. Akameza.

Goba hatukwenda. Baada ya siku chache alikuwa anaharisha damu. Hospitalini nilisema ukweli. Daktari hakunifokea, alisema ugonjwa ule huweza kurudi hata wenyewe, ila kwa masharti ya utafiti hawawezi kuendelea naye.

"Kumbe umewafukuza wapangaji wangu, baba," mke wangu alisema tulipotoka.

Utumbo ulitulia kwa dawa nyingine. Hofu haikutulia. Mara tatu alivaa kwenda Goba, mara tatu alirudia getini.

Alifariki mwaka jana. Nyumba ya mwanawe hakuiona. Mimi nilipoteza kutembea naye katika miaka yake ya mwisho, na hadi anakufa hakuwahi tena kumeza dawa niliyompa bila kuuliza kwanza nani ameiruhusu.