Mtu Aliyekuja Kumlisha Samaki

Kabla sijaanza, ondoeni lile wazo la pombe. Sikuwahi kulewa kazini, na niliyoyaona sikuyaona gizani ambako macho hudanganyika. Ilikuwa jioni, taa za umeme zimewashwa, mimi nimesimama na sahani mkononi. Nilimwona mtu yule kama ninavyowaona ninyi hapa. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa, halafu mnyamaze, maana sitabadilisha hata neno moja ili kumfurahisha mtu.

Nilikuwa mpishi. Élisabethville, huku Katanga, wakati ule wa Wabelgiji, mji wa wazungu ulikuwa wa wazungu kweli. Mtu mweusi akikutwa huko usiku bila karatasi, alilala kwa polisi. Mimi nilikaa Katuba, mtaa wa watu weusi, na mke wangu Ngoie na watoto, na kila alfajiri nilipanda baiskeli kwenda mjini, kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja mwenye duka kubwa la vyombo vya umeme. Jina lake sitalitaja. Nilimwita Bwana, mkewe nilimwita Madame, na miaka yote ile hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuniuliza watoto wangu wanaitwa nani.

Bwana huyo alipenda samaki. Si wa kula, wa kutazama tu. Sebuleni alikuwa na sanduku la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima, lenye maji ya bahari. Bahari iko wapi na Katanga iko wapi? Lakini maji yale yalikuja kwa treni kutoka bandari ya Lobito, ndani ya machupa makubwa, na yalipopungua Bwana alichanganya mwenyewe chumvi na maji ya bomba, akionja kwa ulimi kama mimi nionjavyo mchuzi. Mashine ndogo ilipuliza hewa ndani usiku na mchana. Samaki wake wa kwanza walikufa mmoja mmoja. Kisha akaletewa mwingine kwa ndege, peke yake ndani ya debe, na huyo ndiye ninayemsema.

Alikuwa mzuri, sikatai. Bapa kama sahani, wa manjano, ana mistari ya bluu iliyowaka kama ule moto wa kuchomelea vyuma. Mdomo wake ulikuwa mdogo kama tundu la kifungo. Na mdomo huo haukutaka kitu.

Bwana alimpa chakula cha kopo kutoka Ulaya, samaki akageuka upande wa pili. Akanitupia mimi kazi hiyo. Nilimkatia maini mabichi, laini kabisa. Nilimpa minyoo niliyoichimba nyuma ya jiko, nikampa viluwiluwi vya mbu, nikampa dagaa waliolowekwa, nikamchemshia hata lengalenga, ule mchicha wetu. Alikuja, akachukua kidogo, akaonja, akatema. Kila kilichobaki ilinibidi nikiopoe upesi, maana maji yangeoza. Nikafunika kioo kwa kitambaa asiogope watu. Bure. Akaanza kukonda, mgongo wake ukachongoka kama kisu.

Bwana aliniita mbele ya sanduku. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha jikoni. "Weye mupishi. Kama samaki iko kufa, weye iko kwenda. Iko kwenda kwenu mu mugini."

Mnaelewa maana yake? Kurudishwa kijijini. Bila kazi hukuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Watoto wangu wangetolewa shuleni kwa sababu ya samaki mwenye kiburi.

Ilikuwa kwenye joto lile la kabla ya mvua. Nilikuwa natayarisha meza ya jioni niliposikia hodi kwenye mlango wa jiko. Nilifungua nikamkuta mtu mweusi wa makamo, amevaa kabuti zito, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Katika joto lile hakuwa na hata tone la jasho. Kandokando ya midomo yake palikuwa na weupe, kama chumvi iliyokauka. Na alikuwa anatafuna. Alitafuna muda wote, lakini sikuona akimeza.

"Yambo, baba," akasema. "Nilisikia munaye mugeni humu mu nyumba, anakatala kula."

"Mugeni gani?"

"Ule wa mu mayi ya munyu."

Alimaanisha yule samaki wa maji ya chumvi. Nilitaka kumfukuza. Sikumpenda tangu macho yangu yalipomgusa, niaminini. Lakini Bwana alikuwa amesikia kutoka sebuleni, akaja mwenyewe. Mzungu ambaye hakuruhusu mtu mweusi mgeni kukanyaga sakafu yake alimwingiza yule moja kwa moja, na kabuti lake, hadi mbele ya kioo.

Mtu yule alimtazama samaki kwa muda. Kisha akamgeukia Bwana. "Nimupe kintu yoyote ya hii nyumba?"

"Yoyote," Bwana akajibu.

"Hata ya weye mwenyewe?"

Bwana akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Yoyote, yoyote. Iko kupa yeye tu."

Nilisikia kwa masikio yangu. Mtu yule akakunja mkono wa kabuti, akatia vidole ndani ya maji. Vilikuwa vitupu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mlango ule ulivyo karibu nasi hapa, na nawaambia havikuwa na kitu. Samaki akaja mbio, akafungua kile kimdomo, akaanza kula. Alikula hewa, alikula maji, sijui alikula nini, lakini koo lake lilipanda na kushuka. Bwana akacheka kwa furaha kama mtoto.

Jioni hiyo Bwana alisukuma sahani yake. Alisema joto ndilo linalomzuia. Nilikuwa nimempikia nyama ya kuoka na viazi, chakula alichokipenda kuliko vyote.

Tangu siku ile mtu wa kabuti alikuja kila jua lilipozama, wakati ule ule ninapotandika meza. Hakutaka malipo, hakutaka hata maji ya kunywa. Samaki akanenepa. Mistari yake ikazidi kuwaka. Na Bwana akaanza kukauka. Asubuhi kahawa iliachwa ikapoa, mchana supu ilirudi jikoni jinsi ilivyotoka. Mashavu yakaingia ndani, suruali ikashikiliwa kwa kamba. Ajabu ni kwamba hakulalamika. Alikaa kwenye kiti mbele ya sanduku, akimtazama samaki wake akila, na usoni alikuwa ameridhika, kama aliyeshiba.

Daktari alikuja, akamgonga kifua, akamtazama ulimi, hakuona kitu. Hapo ndipo Madame alipoanza kunitazama mimi.

Mpishi mweusi, mzungu anayekonda. Nani angeuliza zaidi? Madame alinisimamisha jikoni nionje kila sufuria mbele yake. Nilionja. Alibadilisha duka la kununulia unga na mafuta. Akafungia chumvi kabatini. Nilipomwambia kwamba matata yalikuja na mtu wa kabuti, alinijibu kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilinitisha kuliko kelele: "Weye iko kutia dawa. Kesho asubuhi polisi."

Nilijua nini kinampata mpishi anayepelekwa kwa polisi kwa neno dawa. Ngoie angesubiri kwenye lango la gereza mpaka nywele zake ziwe nyeupe.

Jioni hiyo hiyo mtu yule alikuja. Bwana alikuwa kitandani, hawezi tena kusimama, na Madame amekaa naye chumbani. Nilimwacha aingie, nikamfuata na sahani mkononi. Alipotia vidole majini nilimwuliza, "Unamupa nini?"

Hakugeuka. "Njaa. Ule samaki hakukuwa na njaa, njo maana hakukuwa anakula. Mi namupa ya bwana yako. Alisema yoyote, na weye ulisikia."

"Wacha. Banataka kunifunga juu ya weye."

"Basi nipe ya muntu mwingine." Sasa aligeuka, na kutafuna kwake kukasimama kwa mara ya kwanza. "Kwako Katuba iko bibi, iko bana. Bana beko na njaa ya muzuri."

Sikuwahi kumwambia ninakaa wapi, wala kwamba nina mke na watoto. Sahani ikaniponyoka ikavunjika, yeye akatabasamu. "Bwana yako anakufa kesho, ao kesho kutwa. Njaa yake yote iko mule mu tumbo ya samaki. Kama unamuhurumia, enda uitoe mule." Akakunjua mkono wa kabuti, akaufunga vizuri. "Lakini boyi atagusa samaki ya bwana?"

Akatoka kwa mlango wa jiko, bila haraka, anacheka ndani ya pua.

Nawaambia ukweli, sikufanya nilichofanya kwa huruma. Nilikifanya kwa hasira. Nilifunga mlango kwa komeo, nikachukua chujio kubwa la supu, nikaingiza mkono ndani ya sanduku. Samaki hakukimbia. Alikuja kwenye kidole changu, akakinyonya kwa kile kimdomo, na hapo hapo tumbo langu likawa tupu, tupu kabisa, kama mtu ambaye hajapewa chakula tangu azaliwe. Nilimkokota nje nikilia kwa njaa, nikamtupa juu ya meza ya jiko, nikamkata, na njaa ile ikaniacha.

Ndani hamkuwa na kitu. Samaki mnene vile, na tumbo lake jeupe kama kikombe kilichooshwa.

Lakini njaa haionekani kwa macho, nikamkaanga hivyo hivyo. Vitunguu, mafuta ya mawese, pilipili, kama tunavyokaanga kwetu, sio kwa namna ya kizungu. Harufu haikuwa imefika hata ukumbini niliposikia mlango wa chumba ukifunguka. Bwana alikuja akishika kuta, ameachia mdomo, mate yanamtiririka kidevuni, na Madame nyuma yake anamvuta nguo. Hakungoja uma. Alimla akiwa amesimama, kwa mikono, na kichwa, na mapezi, akatafuna mifupa mpaka ikaisha. Kisha akala mkate wote. Kisha akafunua sufuria ya bukari, ugali wetu, na maharage niliyojipikia mwenyewe, akaimaliza nayo. Madame alisimama mlangoni, mikono juu ya mdomo.

Ndipo tukasikia mtu anapiga mlango wa jiko kutoka nje. Hakugonga, alipiga kwa mwili mzima, hadi komeo likapinda.

"Mupishi, fungua. Munakula chakula ya nani?"

Sauti haikuwa ile ya kwanza. Ilitoka kama maji yanavyotoka kwenye bomba lililokaa kavu muda mrefu, inakwama, inakuja, inakwama. Madame aliisikia. Alipiga ishara ya msalaba, yeye ambaye sikuwahi kumwona kanisani. Hatukufungua. Iliendelea mpaka ikachoka yenyewe, na asubuhi ngazi ya jiko ilikuwa nyeupe kwa chumvi, nene kiasi kwamba niliisukuma kwa fagio.

Mnadhani Bwana alinishukuru? Usiku ule ule, aliposhiba, alitazama sanduku, akatazama chujio, akaelewa. Alinipiga kofi kwa ile mikono yenye mafuta ya samaki aliyemla. Alinifukuza, niondoke kukicha, akawaambia na wazungu wenzake, na hakuna nyumba ya mjini iliyonichukua tena. Kwa polisi hakunipeleka. Nafikiri Madame ndiye aliyekataa, maana asubuhi ya kuondoka alinifungulia geti mwenyewe na hakuthubutu kunitazama. Bwana alipona, akanenepa. Mimi nilipata kazi ya kuchochea tanuri kwa mwoka mikate wa mtaa wa Kamalondo, na hapo ndipo nilipolelea watoto wangu.

Kidole changu alichokinyonya samaki hakisikii moto wala baridi hadi leo. Njooni mkichome, mtaona.

Ningekuwa nimemaliza hapa, lakini nilimwona tena. Uhuru ulikuwa umeshafika, wanangu wameoa na kuolewa. Binti yangu alikuwa ametuletea mtoto wake, na mtoto huyo alikuwa na siku kadhaa anasukuma chakula. Natoka tanurini mchana, jua kali, naona kabuti lile. Hakuwa na mvi hata moja. Anatafuna.

"Yambo, mupishi. Kwako bote banakula muzuri?"

Nilijibu upesi. "Bote. Hata masahani banaramba."

Alinitazama mdomoni, sio machoni. Kisha akavuka barabara, kwa mama mmoja aliyekuwa anapepea mbabula, lile jiko la makaa, mbele ya nyumba yake, na nikamsikia yule mama anamlalamikia kama tunavyolalamika sote kwa mpita njia: "Weee, baba, ule wangu wa mwisho ananisumbua, hakuli..."

"Anakula," nikapaza sauti. Nilivuka mbio, nikasimama katikati yao. "Nilimuona asubuhi, alimaliza mukate muzima. Si vile, mama?"

Mama akanitazama kama mwendawazimu. Lakini sijui aliona nini usoni mwangu, maana aliinua pepeo lake taratibu na kusema, "Ndiyo. Alikula."

Mtu yule akaenda zake na barabara, akisalimia watu mlango kwa mlango.

Kwa hiyo ninyi wenye watoto, nisikieni. Mtoto akikataa chakula, hangaika naye ndani, mbembeleze, mpeleke kwa daktari, fanya utakavyo. Lakini usilitoe neno hilo barabarani. Mtu usiyemjua akikuuliza, mwambie kwako wote wanakula na wanashiba. Mwambie hata kama sufuria ni tupu. Kisha ingia ndani, ufunge mlango.