Nilimlaza Mama Mpaka Miguu Ikasahau Kazi

Mimi ndiye niliyemharibia mama yangu miguu. Si kule kuanguka, si umri wake, si hospitali. Ni mimi, kwa mikono yangu, nikimfunika blanketi huku watu wakinisifu.

Niko katika miaka ya arobaini na tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia. Nimepakia miraa Maua, nimeuza dukani Isiolo, nimebeba zege Mombasa, nimetandaza mitumba Embu. Kila nilikolala niliota kwetu Kibirichia: ukungu wa asubuhi, harufu ya udongo viazi vikichimbuliwa, mama ameinama shambani na gunia amelifunga kiunoni. Hivyo ndivyo nilivyopenda nyumbani, kwa mbali. Aliyepapenda kwa karibu ni dada yangu, nitamwita Karimi. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama.

Msimu wa kuvuna, mama aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Nilikimbia kutoka Embu nikawakuta hospitalini, mama anasubiri kupasuliwa. Nikamwambia Karimi, "Rudi uvune kabla viazi havijaoza. Mama niachie mimi. Ni zamu yangu."

Karimi aliniangalia. "Wewe? Utaweza kukaa?"

"Nitakaa."

Kesho yake baada ya upasuaji alikuja mtaalamu wa mazoezi, mwanamke wa Embu, nitamwita Wanja. Mkononi alikuwa na fremu ya chuma ya kutembelea.

"Shosho," akamwamkia mama, kama mtu anavyomwita bibi yake, "umeamkaje? Leo tunasimama."

Nilidhani anatania. "Dada, huyu amepasuliwa jana."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Lakini amelazwa. Mtu akilazwa si analala?"

Alicheka. "Hilo neno ndilo linatusumbua. Kulazwa si kulala, kaka. Zamani tulikuwa tunawaacha wazee kitandani mpaka mfupa ushike. Mfupa unashika, mzee anaharibika. Kifua kinajaa, damu inaganda, ngozi inaoza, miguu inasahau kazi. Siku hizi hatufanyi hivyo. Anasimama mapema, anakula akiwa kwa kiti, choo anaenda mwenyewe. Dawa ya maumivu tunampa ili aweze kutembea, si ili alale."

Mama alisimama. Alishika ile fremu, akatweta, akalaani kwa Kimeru maneno ambayo sikujua mama yangu anayajua, akaburuta miguu mpaka kwenye kiti. Alipokaa alitazama wodi nzima kama chifu kwenye baraza.

"Kumbe bado niko," akasema.

Wanja akanigeukia. "Sisi ni wachache hapa, wewe ndiye mkono wangu. Umkalishe kila akila, umpeleke choo, ukimrudisha kitandani umgeuze. Akilia, mwite sista amwongezee dawa. Usimlaze kwa huruma."

Huruma. Ngoja nikwambie huruma yangu ilivyokuwa.

Mchana ule mama aliniomba nimpeleke choo. Nikamwinua, akapiga ukelele. Wodi nzima ikatugeukia. Sikumwita sista wala sikuomba dawa. Nilimrudisha kitandani nikamwambia, "Fanya hapo hapo, si wamekuvalisha nepi?"

"Mimi nijiharibie, na choo nakiona kile?"

"Mama, umelazwa. Pumzika."

Aligeuza uso ukutani, akafanya. Mwanamke aliyenifundisha mimi kwenda choo. Nilisimama pale nikijiona mtoto mwenye upendo.

Baadaye akalala, na ndipo nikagundua kitu ambacho ningependa kisiwe kweli. Mgonjwa aliyelala halii. Na mgonjwa asiyelia hamfungi mtu. Mama akiwa kwenye kiti ilinibidi niwe kando yake. Mama akiwa amefunikwa vizuri, ningeweza kutoka mpaka kwenye kibanda cha chai nje ya lango, nikapiga hadithi na madereva wa malori ya viazi, nikawauliza barabara ya Marsabit iko vipi siku hizi. Nyayo zilikuwa zinaniwasha.

Basi nikawa namlaza. Akinywa uji, namlaza. Akisema mgongo unauma, namwambia ni upasuaji, namvutia blanketi. Kila nikitoka namwambia, "Mama bwega." Kwetu ndiyo kumwambia mtu alale vyema. Nilikuwa nikimwambia hivyo jua likiwa utosini.

Wanja akija nilikuwa na jibu tayari. "Ana kizunguzungu leo, ndio kwanza amelala." Au, "Nimemtembeza mapema, mpaka dirishani na kurudi."

"Na kumgeuza?"

"Sana."

Wodi ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa na sura ya mtu wa kuaminika. Akaenda kwa wengine.

Akina mama wa kanisa walikuja na chupa za uji. Waliniona nimekaa kando ya kitanda nimeshika mkono wa mama, maana nilikuwa nimewaona langoni nikakimbia kutoka kibandani. Nikaweka kidole mdomoni. "Shh, amelala."

"Mtazame huyu," mmoja akanong'ona. "Na vile tulikuwa tunamsema."

Mwingine akajibu, "Mtoto wa kuzurura ndiye hurudi na moyo."

Walisali wakimshukuru Mungu kwa ajili yangu. Mama alikuwa macho, amefumba tu. Alisikia yote.

Karimi alikuja baada ya kuvuna, bado ana matope kwenye viatu. Hata hakusalimia. "Hapa kunanuka nini?"

"Ni hospitali."

"Hospitali hainuki hivi."

Akafunua blanketi, akamgeuza mama ubavu. Chini kabisa ya mgongo palikuwa na shimo, jeusi katikati, majimaji pembeni. Wewe uliyekulia kwenye viazi unaijua harufu ile. Unatia mkono ndani ya gunia, unashika kiazi kinachoonekana kizima, kidole kinazama. Harufu ile ilikuwa inatoka kwa mama yangu, nami nilikuwa nimekaa kando yake nikipokea pongezi.

Nilikuwa nimeisikia. Usidhani sikuisikia. Nilifungua dirisha.

Wauguzi wakaja, Wanja akaja. Mama alikuwa na homa na kifua kinakoroma. Karimi akauliza, "Ni nani alisema huyu mtu asiinuliwe?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Ni mimi nilikataa. Usimsumbue ndugu yako. Amekaa na mimi."

Nikanyamaza. Nilimwacha mama yangu, na kidonda kile mgongoni, anibebee uongo. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Kidonda ningesema sikujua. Ule ukimya niliuchagua.

Wanja alinivuta kando, Karimi akiwa ameinamia kitanda. "Shosho hakukataa," akaninong'oneza. "Mtu wa kukataa nisingemuona amesimama siku ya kwanza." Kisha akapaza sauti, "Kaka, wewe si unapenda kutembea? Tembea basi. Tupishe tufanye kazi."

Karimi alisikia hayo ya mwisho tu, akadhani ananifukuza kwa sababu wodi ni ndogo.

Mama hakufa. Kidonda kilichukua miezi mingi kufunga. Lakini miguu iliisha. Walijaribu kumsimamisha tena, magoti yakawa kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kulikuwa na bibi wa Nkubu, mkubwa kuliko mama, aliyepasuliwa nyonga wiki ile ile. Yeye alikuwa akiamshwa kila siku, akitukana kila mtu. Nilimuona akitoka hospitalini kwa miguu yake, ameshika fremu, anamgombeza mwanawe kwamba anatembea polepole.

Sasa mama hukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anatazama shamba. Karimi ndiye humbeba. Mimi huja na kuondoka. Juzi nilikuwa nimekaa naye, mguu wangu unatikisika wenyewe kama kawaida yangu. Akauangalia.

"Safari ni lini?"

"Siendi mahali, mama."

"Nenda tu," akasema. "Angalau mmoja wetu atembee."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Karimi hajui mpaka leo. Anaamini mama ndiye aliyekaidi, na akichoka kumwinua humwambia, "Si ungewasikiliza wale watu?" Mama hutazama shamba, mimi natazama chini. Karimi, ukisoma haya utajua ni mimi. Usimwambie tena maneno hayo. Niambie mimi.

Nanyi wengine, siku mtakapopigiwa simu kwamba mtu wenu amelazwa, msilisikie hilo neno kama nilivyolisikia. Muulize daktari ataamka lini, nani atamwinua, maumivu yake yatatulizwa vipi ili aweze kusimama. Mwache alie akiwa kwenye kiti. Mwache akutukane njiani kwenda choo.

Na ukijikuta unapenda sana mgonjwa wako akilala, jiulize wewe unataka kwenda wapi.