Nthoni ya Mwaka wa Kipindupindu

Mama yangu, Syombua, aliwahi kumuua nyoka jikoni kwa mwiko wa ugali, akauosha mwiko, akaendelea kusonga. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba alikuwa mwoga. Lakini magonjwa aliyaogopa, tena bila kujificha. Alipokuwa msichana, ndui ilipita kijijini kwao baada ya karamu ya watu wa mbali, ikawachukua wadogo zake wawili, na tangu siku hiyo mgeni na maradhi kwake walikuwa wanaingia kwa mlango mmoja. Habari hiyo hakuisimulia sana. Ungeijua tu kwa jinsi alivyomtazama mtu aliyekohoa kanisani.

Mwaka wa sabini na moja redio ilianza kutaja kipindupindu. Kiko nchi nyingine, ikasema, lakini huenda kikafika Kenya. Mama alikuwa uani akipepeta mbaazi. Aliweka ungo chini, kuku wakavamia mbaazi, naye hakuwafukuza. Mimi, Mutindi, kifungua mimba wake, nilipoona kuku wa Syombua wanakula mbaazi mchana kweupe bila kupigwa jiwe, nikajua nyumba yetu imeingia vitani.

Na kweli tuliingia. Choo kipya kilichimbwa nyuma ya nyumba, kirefu hata mchimbaji akawa anaomba apewe uji kwa kamba. Kichanja cha kuanikia vyombo kikajengwa, kizuri kuliko kitanda changu. Kuni zikapangwa hadi dirishani. Kwetu Tawa maji tulichota kwenye mchanga wa mto mkavu, tukayabeba kwa punda, na kabla ya hapo tuliyanywa vile yalivyokuja. Sasa kila tone lilichemshwa, likapoozwa kwenye chungu, likafunikwa. Punda peke yake ndiye aliyeachwa anywe maji mabichi, na hata huyo nilimwona mama akimtazama kwa mashaka.

Akanunua na sabuni za miche, nyingi, akazificha ghalani ndani ya magunia ya mahindi na kunde ili panya wasizitafune. Wiki iliyofuata isyo yetu, yale mahindi na kunde tunayopika pamoja, ikatoa povu sufuriani. Tulikula hivyo hivyo. Baba alimaliza sahani yake, akajifuta mdomo, akasema kwa heshima kubwa kwamba hajawahi kuwa na tumbo safi namna hii.

Baba yangu, Kiema, alikuwa fundi wa nguo pale sokoni Tawa na mzee wa kanisa. Mtu mpole, mwenye mizaha ya chinichini. Aliona kwamba mkewe halali vizuri, kwamba anasimama katikati ya kazi na kusahau alichokuwa akifanya, kwamba mikono yake imepasuka kwa kunawa. Hakumwambia aache. Kila jioni alipofika kutoka sokoni alivuta kigoda karibu naye, akauliza kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe.

"Mama Mutindi, leo umeogopa nini?"

"Nzi."

"Na tumeifanyia nini?"

"Nimefunika chakula. Nimemwaga majivu chooni."

"Basi hiyo imeisha. Ingine?"

Waliendelea hivyo mpaka hofu za siku zikaisha, na ile isiyokuwa na dawa baba aliiombea papo hapo, kwa maneno machache, macho wazi. Kisha mama alikuwa anaweza kula. Mimi nilikuwa nikicheka nikiwa jikoni. Sikucheka tena ilipofika zamu ya hofu iliyonihusu.

Nilikuwa nimechumbiwa na Musembi, kijana wa Kabati, kule Kitui, aliyefanya kazi ya useremala na kucheka kwa sauti iliyowatisha mbuzi. Nilimpenda, nasema waziwazi, na sikuwa tena msichana mdogo; majirani walikuwa wameanza kuniuliza habari zangu kwa sauti ya pole. Watu wake walikuwa wamepanga kuleta ntheo. Wasiojua niwaambie: ni wale mbuzi ambao mume huleta kwao msichana, mmoja akachinjwa na kuliwa na pande zote mbili. Bila ntheo, Mkamba hajaoa hata akiwa na watoto wa kujaza benchi. Na mara moja tayari tulikuwa tumewaahirishia kwa sababu ya ukame.

"Leo umeogopa nini?" baba akauliza jioni hiyo.

"Wageni wa Kabati."

"Na tumeifanyia nini?"

"Tuwaambie wangoje mpaka hii ugonjwa ipite."

Mwiko ulinidondoka. Nilitoka jikoni nikiwa na unga hadi kwenye viwiko. "Mwaitu, mama! Ugonjwa haijafika hata Kenya na wewe unataka ipite? Tukiwarudisha mara ya pili watasema tumekataa. Wazee wake watamtafutia mwingine!"

"Heri uzeeke hapa ukiwa mzima," mama akasema. "Watu watatoka huko wote, watapita masoko yote, halafu kila mmoja anipe mkono. Halafu akupe wewe mkono. Nilishaona karamu kama hiyo, Mutindi. Sitaki kuona ingine."

Hasira yangu iliniishia pale pale, nikabaki na huzuni tupu. Baba naye alitazama chini. Kwa mara ya kwanza hakusema, "Basi hiyo imeisha."

Jibu alilipata mama mwenyewe, kesho yake, tukiwa tunakoka moto. Aliinua kichwa ghafla.

"Nthoni," akasema.

Nthoni ni ile heshima ya zamani kati ya mama mkwe na mkwe wake. Zamani mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani aliingia kichakani, na mama naye akafunika uso. Hawakupeana mkono wala kula pamoja. Mama yangu, Mprotestanti aliyebatizwa na kuimba sauti ya pili, alikuwa akiicheka nthoni miaka yote. Watu waliookoka, alisema, hawajifichi kichakani kama sungura.

"Hiyo ni ya Musembi peke yake," nikamwambia. "Na wale wengine?"

"Wote ni athoni wangu, wakwe zangu," mama akasema, na macho yake yakang'aa kwa mara ya kwanza tangu redio ianze mambo yake. "Nitawaheshimu wote. Nitawaheshimu kabisa, mpaka hakuna mtu atanifikia."

Siku ya ntheo ilifika na jua lake. Wageni waliingia wakiwa na vumbi la safari na mbuzi watatu wenye afya. Mbele alikuwa mzee Nzioka, ami yake Musembi na msemaji wao, mkono ameshaunyosha. Baba alisimama langoni akiwa amevaa koti la kanisa, kando ya debe lililotobolewa na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Hapa kwetu mgeni wa ntheo ananawa kwanza langoni, ndiyo aingie na mikono ya amani."

Desturi hiyo ilikuwa na umri wa tangu asubuhi. Lakini mzee Nzioka alikitazama kile kipande cha sabuni, akatikisa kichwa polepole. "Hata kwetu ilikuwa hivyo," akasema. "Wazee wetu walinawa. Siku hizi ni nani anakumbuka?" Akanawa hadi kwenye viwiko.

Kisha akamwona mama. Alikuwa amesimama mbali, kando ya ghala, shuka kichwani, nusu ya uso imefunikwa, macho chini. Musembi wangu aliganda kama mtu aliyeitwa mahakamani, halafu akageuka haraka na kujificha nyuma ya mbuzi. Mzee Nzioka alishika kifua.

"Nthoni!" akasema. "Jameni, kuna nyumba bado inaweka nthoni! Mimi wake za watoto wangu wananisalimia kwa mkono kama polisi!" Na nawaambia, machozi yalimtoka. Aliamuru watu wake wote wamwinamie mama kutoka mahali walipo, wasisogee hata hatua. Wakainama. Mama akainama. Nilijiuma shavu ili nisicheke, na nikimtazama baba niliona bega lake moja likicheza.

Mambo yakaenda vizuri kuliko tulivyotarajia, mpaka maji yalipotolewa. Nilikuwa nimeazima vikombe kanisani ili kila mtu apate chake. Wote wakanywa, isipokuwa mmoja. Kasyoka, mama yake Musembi, mwanamke mrefu mwembamba asiyeongea sana, alikishika kikombe chake mapajani kama kinachoweza kumwuma. Nilizunguka mara ya pili. Kikombe bado kimejaa. Maongezi yakaanza kupungua, maana kukataa maji nyumbani kwa athoni ni kusema jambo bila kulisema. Chini ya leso yake niliona shingo ya chupa.

Mama aliona pia. Nilimwona akiiona. Nikajisemea, basi, nimerudi kuzeeka Tawa.

Kasyoka alipoona kwamba wote wanamtazama, alijikaza. "Muthoni," akamwita mama, kama wakwe wanavyoitana, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unisamehe. Hii maji... imechemka?"

Mzee Nzioka alifunga macho kwa aibu. Musembi akatoka nyuma ya mbuzi. Hakuna mtu anayeuliza swali kama hilo nyumbani anakochukua msichana.

Mama alifunua uso. "Imechemka?" akasema. "Imechemka mara mbili! Na chungu nimeichemshia maji yake!"

"Na kuipoza, umefunika?"

"Kwa sahani, na kitambaa juu ya sahani!"

Kasyoka akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine. Halafu akaitoa ile chupa waziwazi. "Nilibeba ya kwangu kutoka Kabati," akasema. "Hata hii ntheo nilikuwa nataka tuiahirishe. Nilimwambia Musembi, mwanangu, huko Tawa sijui wanakunywa maji gani."

"Sisi!" mama akafoka. "Sisi ndio tulikuwa tunawaogopa nyinyi!"

Kisha mama akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi, akacheka mpaka akaegemea ghala, na Kasyoka akacheka, na kile kicheko cha Musembi kikafuata na mbuzi wakashtuka wote. Baba alitoa leso ya kitambaa akajifuta macho. Ni mzee Nzioka tu aliyebaki hajaelewa, na mpaka anakufa hakuna aliyemweleza.

Wanaume walipokuwa wakichinja, mama alimchukua Kasyoka kumzungusha. Walitembea kama watu wa maonyesho ya kilimo. Kasyoka alikisifu kichanja. Alichungulia choo, akauliza urefu wake. Alipoambiwa habari ya isyo yenye povu alisema yeye sabuni anaziweka kwenye chungu kilichopasuka, na mama akapiga kofi la mshangao, kwa nini hakufikiria! Nilikuwa nyuma yao nikiwa nimebeba sinia, nikasikia mama akimwambia kuhusu wadogo zake wawili, majina yao na yote, mambo ambayo hata mimi sikuwa nimeyasikia. Kasyoka alimshika mkono.

Na mama hakuuchomoa. Mikono yao ilikuwa imepasuka namna moja.

"Na nthoni je?" mzee Nzioka akaita kutoka kwenye moto.

"Hiyo ni ya wanaume!" mama akajibu bila kugeuka.

Mbuzi aliliwa, wimbo ukaimbwa, nikaolewa. Kipindupindu nacho kilifika Kenya mwaka huo huo, kama redio ilivyokuwa imeonya. Habari hiyo ilinikuta Kabati, nikiwa bibi arusi mpya, nikichemsha maji ya Kasyoka kwa amri zile zile nilizozikimbia Tawa. Sikuwa na wasiwasi wangu mwenyewe. Nilikuwa na wa mama. Nilijua atakuwa hali chakula, hasinzii, mikono inatoka damu. Ugonjwa ulipotulia na watu kuruhusiwa kusafiri tena, nilikwenda kumwona. Nilinawa langoni, nikaingia mbio.

Alikuwa amekaa chini ya kichanja, miguu ameinyosha, anachambua kunde huku akiimba sauti ya pili peke yake. Alikuwa amenenepa.

"Muthoni wangu hajambo?" ndilo neno la kwanza alilosema.

Nikakasirika, kweli nilikasirika. Nimetoka Kabati moyo uko mdomoni! "Mwaitu, na mimi je? Hata huniulizi? Wakati wote ule hukuogopa kwa ajili yangu?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajafunika sufuria isiyokuwa na chakula.

"Wewe ulikuwa kwa Kasyoka," akasema. "Ningeogopa nini?"