Mafuta Yaliyokaa Juu

Sisi Wapemba mafuta ya mtamboni tunayajua kuwa ni kitu cha kuzama. Mtambo wa makonyo, vile vijiti vya karafuu, niliokuwa nikiuchochea kuni, ndio ulionifundisha. Unashindilia makonyo kwenye pipa, mvuke unapanda, unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka kikitulia, mafuta yanashuka chini, maji yanabaki juu. Maji hayo hayamwagwi. Wanawake huyachukua wakajifukizia mafua. Mie shule sikufika mbali, ila hilo kila mtu wa Mgogoni analijua.

Basi mkwe wetu yuko bara, kwenye milima ya baridi. Huko kuna misonobari, miti mirefu yenye majani membamba kama sindano, na watu wa huko huyakeneka kwa mvuke vilevile. Watu husema ndiyo mivinje yetu ya pwani. Si hivyo; jani la mvinje lifikiche utakavyo, halinuki kitu. Akatuletea chupa moja kama ilivyotoka mtamboni, mafuta na maji yake pamoja. Akatuasa: maji ni ya kujifukiza; mafuta ni tone moja kwenye mafuta ya nazi, ya kuchua miguu, yasinywewe wala yasikaribie moto. Mke wangu kifua kilikuwa kimembana, hata kupanda kizingiti alipumzika.

Alasiri akaja shemegi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Wambaa, kumfukiza. Mie nilikuwa uani napasua kuni, nawasikia.

"Dada, usinitilie mafuta, mkwe kakataza."

"Mie wa kufundishwa mafuta? Yamelala chini huko, nakumiminia maji ya juu. Jifunike weye, wacha umbea!"

Wakacheka.

Harufu ikanifikia uani. Karafuu harufu yake ina joto. Hii ilikuwa baridi, kama imetoka mahali pasipokaa watu. Kuku waliokuwa wakiparura wakasimama wote, na sababu yake siijui mpaka leo.

Nikamsikia mke wangu ndani ya shuka: "Nani kafungua mlango?"

Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Kisha akaitika kwa sauti nyembamba, ile ya zamani alipokuwa biarusi: "Labeka. Naja."

Nilitupa shoka nikaingia. Shemegi anasoma Ayatul Kursiy, huku kaikandamiza shuka kwa mikono miwili. Kwetu, mtu akianza kusema ndani ya mafukizo, hafunuliwi; husemwa kile kilichomkaa, pepo au jini, ndicho kinatoka.

"Mfunue, shemegi!"

"Yakhe, usiingilie! Bado hakijatoka!"

Nikaitazama chupa dirishani. Kilichobaki ndani ni maji matupu. Tone lililomwagika ubavuni mwa bakuli la mafukizo likateremka kwenye seredani ya makaa iliyolibeba, moto ukaruka juu pembeni mwa shuka, ukazima.

"Hakuna cha kutoka! Hayo mafuta ya kwao hayazami, yanaelea! Umemtilia yote!"

Nikaivuta shuka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, macho wazi, yanatazama nyuma ya bega langu. Tukambeba mpaka nje kwenye upepo, na gari ya jirani ikatupeleka hospitali Chake. Wakamtilia hewa puani. Daktari akasema mafuta mengi vile kwenye mvuke humfunga njia za pumzi mtu mwenye kifua kibovu, na tungechelewa kidogo tu tungezungumza mengine. Shemegi kakaa sakafuni, kajifunika uso kwa kanga.

Jua lilikuwa bado halijatua alipoweza kusema. Akanishika mkono.

"Mbona uliniita kwa haraka vile, kisha ukanipa mgongo? Nakufuata, nakufuata, hugeuki."

Mie sikumwita. Nilikuwa uani napasua kuni, na shemegi pale sakafuni ananitazama, anajua sikuita. Nikamwambia, "Usinifuate tena nikikupa mgongo, mama. Vuta pumzi." Akavuta, nami nikaisikiliza ikiingia, na ikitoka.