Nilimsafirisha Baba kwa Jina la Mzungu

Kosa ni langu. Hakuna aliyenishika mkono nilipoandika, wala aliyenitisha. Nilimtoa baba yangu mzazi nikawapa watu wa nchi nyingine, akiwa ameshakufa miaka kumi na minne, na wao wakampokea kwa bendi ya jeshi.

Ndugu msomaji, ukitaka kucheka, cheka. Lakini unisome mpaka mwisho, kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mimi ni karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, hapa Kolwezi, Kongo. Kazi yangu ni makaburi ya upande wa Kapata: naandika nani amelazwa, safu ipi, namba ipi. Ni kazi ya amani, maana wateja wangu hawagombani. Shida ni vyuma. Zamani kila kaburi la kampuni ya mgodi lilikuwa na msalaba wa chuma na kibao cha shaba chenye jina na namba. Wakata-vyuma wamevipitia vyote. Mji wetu unaishi kwa kuuza kilicho chini ya ardhi, na hao walipoona shaba imesimama juu yake, waliona Mungu amewapunguzia kazi. Leo ukisimama katikati ya makaburi yale unaona matuta mekundu tu, yamefanana kama mikate.

Kaburi moja tu lilikuwa jeupe. La baba. Kila Jumamosi mama alikwenda na ufagio na kopo la chokaa, akalifanya ling'ae hata uliliona kutoka barabarani, kwenye vumbi la malori. Kibao chake kiliibwa mara mbili. Mara ya pili mama akasema basi, Mungu anamjua.

Lazima nikuambie baba alikuwa mtu gani. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kuchimba shaba. Baba alizaliwa hapa, katika nyumba ya kampuni, akaitumikia kampuni hiyo mpaka pensheni. Mwaka ule wenyeji walipotufukuza, wakisema turudi kwetu Kasai, watu wa Kasai walijaa stesheni na magodoro yao, wakingoja treni. Baba hakwenda. Alitoa kiti nje, akakiweka mlangoni, akaketi. Kijana mmoja akamwambia, "Tata, rudia kwenu." Baba akamjibu, "Kwetu njo hapa. Weye kama umepotea, uniulize, nitakuonyesha njia."

Alituomba kitu kimoja tu maishani: tumzike Kapata, na upande wake wa kushoto tumwachie mama nafasi. Tulifanya hivyo. Nafasi ile niliipima mimi mwenyewe kwa kamba.

Sasa nije kwenye nchi ile. Sitaitaja. Ni ya mbali na ina baridi. Wakati wa wakoloni mafundi wake walikuja hapa kutengeneza mashine za mgodi. Leo vijana wetu wanakwenda kwao kufagia hoteli na kuogesha wazee. Kwa ajili ya vijana hao nchi zetu mbili ziligombana: wao waliwajaza kwenye ndege kuwarudisha, sisi tukaikataza ndege isitue, mabalozi wakaitwa nyumbani wakiwa wamenuna.

Walipotaka kupatana, walitafuta kitu cha kupatania. Huko kwao mtu akakuta katika karatasi za zamani kwamba fundi mmoja wa nchi yake alifia Kolwezi, kabla hata mama yangu hajazaliwa, na kwamba aliwapenda sana watu wa hapa. Wakampa cheo cha Baba wa Urafiki. Kilichobaki ni kaburi.

Ubalozi ukamtuma mshauri wake, kijana mrefu ambaye Kapata yote ilimwita Konseye. Alijifunza Kiswahili kitabuni, safi kama shati la kuazima. Tulitafuta siku tatu. Rejista ilisema Fundi yuko safu ya saba, namba kumi na moja, lakini safu ya saba ni ipi, na vibao vimekwisha kuyeyushwa?

Nina mdogo wangu, Trezori. Trezori alikuwa ameomba viza ya nchi hiyohiyo mara mbili, na mara mbili wakamkatalia. Siku ya pili ya kutafuta, nilimtajia Konseye jina lake. Hakuahidi kitu. Alitabasamu tu. Tabasamu la mwanadiplomasia, ndugu yangu, usipande mbegu juu yake. Mimi nilipanda shamba zima.

Siku ya nne magari ya balozi yalikuwa yameshatoka uwanja wa ndege. Konseye alisimama na shada la maua, jasho likimtiririka.

"Ndugu Karani, ni lipi?"

"Tuko karibu, Bwana Konseye."

"Mheshimiwa Balozi yupo njiani. Nakusihi, ni lipi?"

Nikanyoosha kidole. "Lile jeupe."

Akalitazama kwa muda. "Mbona limetunzwa namna hii?"

"Watu wa hapa hawasahau," nikasema.

Kijana yule akatoa kitambaa, akafuta machozi. Dakika kumi baadaye balozi wa nchi ya mbali alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yangu, fundi wa kuchomelea wa Kapata, akimwambia kwa lugha ambayo baba hakuijua kwamba taifa linamshukuru.

Alasiri hiyo nilirudi ofisini, nikachukua wembe, nikakwangua rejista. Fundi nikamweka mahali pa baba. Baba nikamweka safu ya saba, namba kumi na moja, mahali ambapo hakuna anayejua ni wapi.

Jumamosi ikafika. Mama alikuta uzio, kufuli, na polisi aliyeketi juu ya tofali.

"Mama, hapa hapaingiwe."

"Juu ya nini? Bwana yangu eko pale."

"Hapana, mama. Pale kuko muzungu wa serikali."

"Muzungu gani? Mi nilimuzika miye mwenyewe. Nilimuvalisha na soksi."

"Mama, mi nilipewa kufuli tu. Ya soksi, uende uulize ku komini."

Komini ni mimi. Akaja na ndoo yake, akasimama mbele ya meza yangu. Nikamwambia yote, isipokuwa nilisema ni kwa muda tu, mpaka viza ya Trezori itoke. Aliweka ndoo chini polepole.

"Kumbe umemukopesha baba yako."

"Kwa muda mfupi, mama."

"Na atarudia siku gani?"

Nikaitazama kalenda ya ukutani.

Mama hakuacha kwenda. Alifagia nje ya uzio, kwa kuwa ndani hakuruhusiwa. Konseye akamkuta hapo Jumamosi iliyofuata, bibi kizee wa Kongo anayemfagilia Fundi kwa mapenzi yake mwenyewe, na moyo wake ukayeyuka. Akampiga picha. Akampa ufunguo na kadi ya kuvaa shingoni iliyoandikwa Mlinzi wa Kumbukumbu. Mama aliipokea kwa sababu moja tu: kadi ile ilifungua kufuli. Hivyo mama yangu akawa anaingia kwa mume wake kwa kibali cha ubalozi.

Picha ikatoka katika jarida lao, na jarida likafika Kapata. Wanawake wa kwaya wakaanza.

"Mama, kumbe ulikuwaka na muzungu?"

"Alikufa mbele nizaliwe."

"Ee, mama. Mapendo haiangalie mwaka."

Mjane aliyekaa na mume mmoja miaka arobaini na miwili akawa kimada wa mtu ambaye hawakuwahi kuishi duniani pamoja. Akabadilisha benchi kanisani, akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kisha ikaja barua. Bunge la nchi ile limeamua: Fundi arudishwe kwao, alale katika ardhi iliyomzaa. Mama aliniita.

"Mutoto yangu, sikiliza. Nimekubali uzio, nimekubali kadi, nimekubali aibu. Sasa useme. Neno moja tu: huyu ni baba yangu. Haiko ngumu."

Nikamwambia nitasema.

Siku ya kufukua walijenga hema. Daktari wao akashuka na glavu, akatoa mfupa mmoja mmoja. Mwishoni akainua kitu cha kijivu kilichooza nusu. Soksi. Soksi za sufu za baba, ambaye miguu yake ilikuwa baridi sikuzote na aliyezivaa hata wakati wa joto kali la Oktoba. Daktari akazionyesha kwa balozi, naye Konseye akatutafsiria: "Tazameni. Hata katika joto la Afrika, aliendelea kuvaa kama watu wa kwetu."

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo likawa uthibitisho.

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Konseye akaniinamia sikioni: "Dosiye ya viza ya mdogo wako ipo mezani kwangu." Nikaufunga.

Uwanja wa ndege wa Kolwezi ulipigwa maji ili vumbi litulie. Bendi ikapiga nyimbo za mataifa mawili. Jeneza dogo lilipanda ngazi likiwa limefunikwa bendera ambayo baba hakuwahi kuiona. Mtu ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, hata kwa kununua sukari, aliingia nchi ile bila foleni, bila picha nne, bila barua ya mwajiri. Mama alisimama kando yangu na kadi yake shingoni. Hakulia. Alingoja mpaka ndege ikawa ndogo.

"Alikataa treni," akasema. "Na weye umemupandisha ndege."

Wiki hiyohiyo jibu la ombi la tatu la Trezori likatoka. Wamemkatalia. Sababu: hakuonyesha ushahidi wa kutosha kwamba atarudi kwao. Trezori aliisoma mara mbili, akanirudishia karatasi. Tangu siku hiyo akinikuta njiani anavuka upande wa pili.

Hapo ndipo nikapata ujasiri, ulipokuwa haunisaidii kitu. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, nikataja wembe, rejista na soksi, nikampelekea Konseye. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwa mama. Akaketi, akakubali chai. Barua yangu alikuwa nayo mkononi.

"Ndugu Karani, barua yako sikuipokea."

"Si hiyo umeishika?"

"Nimeishika. Lakini sikuipokea."

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayefunga kidonda. Huko kwao pamejengwa kaburi la marumaru. Watoto wa shule wanapeleka maua. Mabalozi wamerudi, na ndege za kuwarudisha vijana wetu zimesimama. Nikiendelea kusema, zitaanza tena, na kila kijana atakayeshushwa akiwa na pingu atakuwa mzigo wangu. Nilimtafuta yule mwongo ndani yake ili nimchukie, nikakosa. Alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilikuwa imejengwa juu ya mguu wa baba yangu.

Kisha akamgeukia mama. "Bibi, ipo njia. Sheria yetu inatoa viza kwa wajane wa raia wetu. Ikiwa utaandika kwamba wewe na marehemu Fundi mlikuwa, tuseme, wenza, utaweza kwenda kuliona kaburi. Hakuna atakayehesabu miaka."

Nilimwona mama akifikiri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote: kwamba alifikiri. Alitazama chai yake mpaka ikapoa.

"Niandike mi nilikuwa bibi ya muzungu, njo nimuone bwana yangu?"

"Ni karatasi tu, bibi."

"Mi niliolewa na mutu moja. Siwezi kumufikia na jina ya mutu mwingine. Ataniuliza: weye ni nani?"

Konseye akainamisha kichwa. Mama akaendelea, sauti yake ikiwa ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Basi munipe nafasi yangu. Ile ya kushoto. Bwana haiko tena, sawa, lakini nafasi ni yangu. Nikikufa, munitie pale."

Konseye aliandika. Nitamsifu kwa hilo, aliandika neno kwa neno. Jibu la kwanza lilikuja baada ya miezi mitatu: eneo lote lililo ndani ya uzio ni ukumbusho wa pamoja wa mataifa mawili, kwa hiyo haiwezekani kumzika mtu yeyote humo mpaka serikali zote mbili zikubaliane. Tume imeundwa. Bado haijakaa, kwa sababu haijaamuliwa ikae kwao au kwetu.

Wewe unayeshika kalamu ya komini, nakuonya. Usidhani wafu hawana haja na mahali ulipowaandika. Na wewe mwenye ndugu anayetaka kwenda ng'ambo, mwache apange foleni yake kwa miguu yake. Usimtafutie njia ya mkato kupitia mtu aliyelala, kwa kuwa hukumwuliza, na yeye hana namna ya kukukatalia.

Mama sasa ana miaka themanini na mmoja. Daktari wa Kapata amesema moyo wake umechoka, asitembee sana. Lakini kila Jumatatu anakuja ofisini kwangu, anashika ukingo wa meza mpaka pumzi imrudie.

"Barua imefika?"

"Bado, mama."

"Basi mi niko. Sitakufa mbele ya jibu kufika."

Halafu anarudi nyumbani polepole, na mimi namtazama mpaka anapita kona. Nilikuwa mtu wa kumwomba Mungu dosiye za watu ziende haraka. Hii moja namwomba aiache palepale mezani, chini ya nyingine zote.